Wapangaji wenzangu mnaochomeka viwembe kwenye matofali ya bafuni, mna akili kweli?

Wakuu, habari za jioni. Huwa nasoma nyuzi za watu napita kimya. Leo nimefungua wa kwangu kwa sababu nikinyamaza nitamtukana mtu uani, na hapo uani ndipo tunapochota maji wote.

Naishi Buguruni, nyumba ya kupanga, vyumba saba, bafu moja, choo kimoja. Bafu halina dirisha, lina yale matofali ya matundu ya kupitisha hewa upande wa juu. Jumamosi asubuhi mwanangu wa miaka sita kaenda kuoga. Dodoki letu lilikuwa kwenye tundu mojawapo, akageuza ndoo, akapanda, akapeleka mkono. Hakulia. Hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa. Wembe hauumi pale pale, hasa mkono ukiwa na sabuni, kwa hiyo mtoto kaendelea kujisugua mpaka povu likawa jekundu, ndipo akaniita kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mama, dodoki linatoa damu."

Vidole viwili, cha shahada na cha kati, vimefunguka kama vitabu.

Sasa njoo uone uani. Bibi mmoja anataka amnyonye kidole ili damu chafu itoke. Mwingine katoka mbio na mafuta ya taa kwenye kizibo cha chupa. Wa tatu kashika majivu. Nawaheshimu, ni wakubwa zangu, lakini niliwafukuza wote. Jeraha la wembe unalipitisha kwenye maji yanayotiririka, unaosha kwa sabuni, unakandamiza kwa kitambaa kisafi mpaka damu ikate, unaondoka kwenda zahanati. Kunyonya hapana, kukamua hapana, majivu ndiyo usiseme.

Zahanati nesi kaniuliza swali moja tu: "Wembe wa nani?"

Nikabaki namtazama. Nyumba ina watu ishirini na ushee, ukiweka na wageni wao ndiyo kabisa, wote wanaoga bafu lile. Wembe wa nani! Alikuwa na sababu ya kuuliza. Kama ungejulikana kuwa umetoka kutumika na mtu mwenye VVU, kuna dawa za kuzuia maambukizi ambazo lazima zianze ndani ya saa 72 na zinamezwa siku 28. Kwa wembe uliokaa ukakauka, akasema, VVU si wasiwasi wao mkubwa. Wanaoiogopa ni homa ya ini aina ya B, maana virusi vyake vinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 nzima na bado vikaambukiza. Kilichotuokoa ni kadi ya kliniki, niliitunza. Chanjo ya penta, ile ya wiki ya 6, 10 na 14, ndani yake ina kinga ya homa ya ini B. Mtoto akachomwa na ya pepopunda, tukarudi. Nyie wakubwa mnaosoma hapa, wengi wenu kadi hiyo hamna. Mkikatwa leo mtamwambia nini nesi?

Na lingine alilonisahihisha: mimi nilijua pepopunda inaletwa na kutu. Kumbe siyo kutu. Vimelea vyake vinakaa kwenye udongo, vumbi na samadi, wembe unavibeba tu na kuviingiza ndani ya nyama. Kwa hiyo usinionyeshe wembe unaong'aa ukaniambia ni mzima. Kama umelala kwenye vumbi la tofali, ni ule ule.

Nimerudi nyumbani nikachukua tochi ya simu na koleo, nikaingia bafuni, nikafunga mlango. Nilitoa viwembe 23. Ishirini na tatu, ukuta mmoja! Vingine vimeliwa na kutu hadi vinavunjika ukivigusa. Vingine vimekatwa nusu, zile za kutengenezea nyusi. Vitatu vina nywele bado. Kimoja kimefungwa uzi wa cherehani, mwenyewe anajijua, maana fundi nguo hapa kwetu ni mmoja. Na vinne, mbele ya Mungu, vilikuwa vipya kabisa, mtu katumia mara moja kachomeka, kesho kasahau kachomeka kingine.

Nimekaa na hasira zangu nikajiuliza kwa nini watu wazima, wengine wamesoma, wanafanya hivi. Nikagundua kila mmoja anaamini anafanya jambo jema. "Weka juu, mtoto asifikie." Hiyo tumeambiwa na mama zetu wote. Kule kijijini wembe ulichomekwa kwenye makuti, juu kabisa, na kweli hakuna aliyeufikia. Ila bafu la kupanga si paa la makuti, jamani. Tundu la juu ndilo hilo hilo tunaloweka sabuni, dodoki na mswaki.

Halafu kuna aibu. Wembe wa bafuni mara nyingi umefanya usafi wa sehemu ambazo mtu hataki zijulikane, sasa ataubebaje hadi kwenye kiroba cha taka cha pamoja mbele ya mama mkwe wa chumba cha pili? Na kuna lile lingine ambalo hamtalisema hapa jukwaani ila mnalijua. Nywele na kucha hazitupwi ovyo, zisije zikaokotwa na mtu mwenye nia mbaya. Sitaki kubishana na imani ya mtu. Nasema tu, mchawi wa kweli angekuja kwetu angefurahi sana, kawekewa akiba ya wapangaji wote ukutani.

Nisije nikaonekana nadharau watu wetu peke yao. Huko Marekani karne iliyopita, baada ya Gillette kuanza kuuza viwembe vya kubadilisha mwaka 1903 na kila mwanaume akawa anajinyolea nyumbani, walitengeneza makabati ya bafuni yenye mwanya mdogo nyuma. Unamaliza kunyoa, unasukuma kiwembe kwenye mwanya, kinaangukia ndani ya ukuta. Basi, imeisha. Mpaka leo mafundi wanaovunja kuta za nyumba za zamani wanakutana na lundo la viwembe. Ujinga ule ule, tofauti ni kwamba wao walivizibia ndani, sisi tumeviacha na makali yametokeza nje.

Sasa wale wanaojiona werevu: "Mimi natupa chooni." Ndugu yangu, choo cha shimo kina mwisho. Kikijaa huku kwetu, gari la majitaka halipiti, kichochoro chenyewe guta linapita kwa shida. Wanakuja vijana usiku, wale tunaowaita vyura, wanachimba shimo pembeni, wanatoboa, wanatapisha. Wanaingia mle, miguu na mikono, gizani. Kuna sehemu siku hizi wanatumia pampu za mkono, nazo zikikutana na matambara na vyuma zinakwama, anayeingiza mkono kuzizibua ni mtu. Umewahi kumwona kijana wa kutapisha akiwa na buti? Mimi wa kwetu nimemwona na kandambili.

Wanaochoma, kwa kifupi: moto wa taka hauyeyushi kiwembe. Chuma kinataka joto linalokaribia nyuzi 1500. Kiwembe kinabaki kwenye majivu, na majivu ya nyumba hii mama mwenye nyumba anayapeleka kwenye matuta yake ya mchicha, anayapalilia kwa mikono.

Wa kiroba ndio wengi zaidi, na hapo nilikuwemo hata mimi, nakiri. Nilikuwa nafunga kwenye karatasi ya daftari natumbukiza. Jumatatu kijana wa taka alipokuja na guta lake nikamweleza yaliyompata mwanangu. Hakushangaa. Akafungua kiganja cha kushoto, kuna mistari minne, mmoja umepita kwenye ubavu wa kidole gumba mpaka hakikunji vizuri. Akanionyesha na paja, maana kiroba kizito anakiegemeza pajani kabla ya kukirusha juu. Akaniambia, "Dada, chupa iliyopasuka naisikia ikigongana humo ndani. Kiwembe hakisemi." Ana glavu moja tu. Tunalipa elfu tatu kwa mwezi kila chumba, na bado wapo wanaomkimbia siku ya malipo. Karatasi yangu ya daftari, kumbe, ikilowa maji ya maganda ya nyanya na uji wa jana inaoza kabla hajafika hata kona. Na safari haiishii kwake. Taka za huku zinakwenda dampo la Pugu Kinyamwezi, na pale kuna watu wanachambua plastiki na vyuma kwa vidole vyao.

Nimekwenda kwa mama mwenye nyumba, kasema kila mtu achunge mtoto wake. Nimekwenda kwa mjumbe, kasema hilo ni suala la wapangaji. Nimefika hadi ofisi ya mtaa, nimekaa benchi saa mbili, nikaambiwa niandike barua. Barua ya viwembe! Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imewapa serikali za mitaa jukumu la taka ngumu, na hawajawahi hata kubandika karatasi ukutani kusema vitu vyenye makali vitengwe. Wakitaka wanaweza. Juni 1, 2019 mifuko ya rambo ilipigwa marufuku na nchi nzima tukajifunza kwenda sokoni na kikapu. Hospitali nazo zinaweza, sindano zina boksi lake la njano, likifika robo tatu linafungwa, linakwenda kuteketezwa, hakuna anayeingiza mkono. Sisi huku uswahilini eti tuandike barua.

Sasa sikilizeni nilichofanya, na msiseme hamna hela, hakihitaji hela. Nimechukua kopo tupu la Africafe. Nimelifunga kifuniko nikakizungushia solotepu mara tatu. Kwenye kifuniko nimetoboa mwanya kama wa kibubu, sentimita tatu tu. Kiwembe kina urefu wa milimita 43 na upana wa 22, kinapita kwa upande mfupi bila shida, na kidole cha mtoto hakipiti. Unene wake ni kama milimita 0.1, kwa hiyo kopo moja linameza mamia, familia moja haitalijaza leo wala kesho. Asiye na kopo atumie chupa ngumu ya Jiki. Ya maji ya kunywa hapana, ile ukiikalia inapondeka na viwembe vinatokeza ubavuni. Nimeandika VIWEMBE kwa makapeni ubavuni, nimelitundika kwa waya kwenye msumari, juu ya kimo cha mtu mzima. Likifika robo tatu naziba mwanya, nampa kijana wa taka mkononi, nje ya kiroba, namwambia kilichomo. Zahanati pia unaweza kuuliza kama watalipokea liende pamoja na boksi zao, nesi wangu hakukataa. Usiwape watoto wanaookota vyuma chakavu, watalifungua wapate kopo.

Na kiwembe ambacho bado unakitumia: kisuuze, kikauke, kirudishe kwenye karatasi yake, kiingize kwenye kiboksi cha kiberiti kilichoisha, kinaenea vizuri kabisa. Kaa nacho CHUMBANI KWAKO. Mtu na wembe wake. Na mnaowapa watoto wa shule viwembe wakachongee penseli, kichongeo dukani kwa Mangi hakimalizi hata hela ya andazi.

NYONGEZA, saa nne usiku. Nimesoma majibu yenu.

Mnaosema nihame: kodi nimelipa miezi sita, mnichangie basi.

Uliyesema mtoto wa miaka sita haogi peke yake, sawa, nimekusikia, na ningekuwa naye pale mkono uliokatwa ungekuwa wangu.

Uliyeniletea methali ya mtoto akililia wembe mpe, ukacheka na vikatuni vyako: wangu hakulilia wembe. Alitaka dodoki.

Kinyozi uliyejitokeza ukasema kwako wembe mpya kila kichwa, nakupongeza. Ila hujasema vile vya zamani unavipeleka wapi. Nimeuliza mara mbili umekwepa. Naona umetoka mtandaoni.

Na wewe baba wa chumba cha nne, najua unasoma, simu yako inalia kila nikipandisha jambo humu na ukuta wetu ni mwembamba. Jioni hii nimekuta vitatu vingine kwenye tundu lile lile, vimelowa. Kopo liko mlangoni pa bafu, upande wa kulia. Mwanangu anaoga saa kumi na mbili na nusu kwa ajili ya shule. Saa kumi na mbili nitaingia na tochi.