"Mbona kwangu inafunguka?" Mtu wa mfumo, leo umenidhalilisha mbele ya mteja

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Mlio kwenye haya maduka ya pampu na mabomba ya umwagiliaji hapa Dodoma mnamjua ninayemsema, na najua yumo humu. Asome.

Tangu abadilishe mipangilio ya nani aone mteja gani kwenye Salesforce, mfumo wetu wa kutunza taarifa za wateja, mfumo umekufa. Zamani watu wa mauzo wote tuliona wateja wote. Akafunga, kila mtu aone wake tu, halafu akaanza kurundika kanuni za kufungulia: Nzuguni waone za Nzuguni, Kizota za Kizota, msimamizi aone za walio chini yake. Sasa ukiita orodha, mfumo unapekua kwanza majedwali ya ruhusa ndipo ulete majina. Orodha inafunguka zabibu za Hombolo zimeshakuwa mvinyo!

Leo kaja babu, pampu yake bado ina waranti. Natafuta jina, kiduara kinazunguka. Babu kainama juu ya kaunta: "Mjukuu wangu, hicho kinatafuta nini?" Nikamwita mtaalamu. Kaja na laptopu yake, kaandika jina, pap! Kanigeukia, babu anasikia, bosi anasikia: "Mbona kwangu inafunguka? Wewe ndiyo hujui kutumia."

Mbona kwangu inafunguka! Mbele ya babu!

Wewe una ruhusa ya kuona vyote, mfumo haukukagui! Ingia kwa akaunti yangu uone. Eti kwangu inafunguka. Babu wa watu kaondoka ananipa pole.

Mzee wa Kibaigwa: Gazeti lote hili umeandika, jina la babu likakushinda?

Binti Kondoa: Msimcheke. Kwetu wateja wa zamani wote waliwekwa chini ya jina la mtu mmoja. Salesforce wenyewe wanaonya mtu mmoja asimiliki rekodi zaidi ya 10,000 za aina moja, maana ukimhamisha kitengo, ruhusa zinapigiwa hesabu upya. Sisi wakamhamisha saa nne asubuhi, wateja wamejaa!

Fundi Mtambo: Hizo hesabu unaziahirisha, unamaliza kubadilisha kanuni zako zote, unaziachia zipigwe usiku. Saa nne asubuhi ni uchawi.

Mleta mada: Na bado angesema kwake inafunguka! Mbele ya babu, wakuu!

Mzee wa Kibaigwa: Tumesikia, mbele ya babu.

Kijana wa Ipagala: Afadhali wenu anafunga orodha. Mwenye nyumba wangu kachukua kodi ya miezi sita, geti anafunga saa tatu usiku.

Binti Kondoa: Saa tatu? Wangu saa mbili na nusu, na ufunguo analala nao!

Fundi Mtambo: Hameni. Chumba na sebule Kisasa sasa hivi bei gani?

Kijana wa Ipagala: Dalali kwanza anataka hela ya kukuonyesha, mkuu. Usinitibue.