MJADALA: Msanii aliyemwimbia jenerali, tumhukumu au tumwache?

Mzee wa Santuri (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Jumamosi nilikuwa harusini Temeke. Usiku ulipokolea DJ akaweka Franco, yule mpiga gitaa wa Zaire, ukumbi mzima ukainuka, hata wazee wa magongo. Kijana mmoja wa chuo mezani kwetu akagoma. Anasema yeye hachezi muziki wa kibaraka wa Mobutu, jenerali aliyetawala Zaire. Nilimwona ana kiherehere, lakini nimerudi nyumbani na swali lake, nimeshindwa kulitua.

Naanzia 1977. Kuanzia tarehe 15 Januari hadi 12 Februari, Lagos iliandaa FESTAC, tamasha kubwa la sanaa za watu weusi. Mwenyeji ni serikali ya kijeshi ya Jenerali Obasanjo, hela ya mafuta imejaa. Fela Kuti, mwanamuziki wa hukohuko Nigeria, akasusa. Akawa anapiga kwenye klabu yake, Shrine, na wageni wa tamasha wanamfuata hukohuko. Tayari alikuwa ametoa Zombie, wimbo unaomcheka askari asiyekwenda wala kusimama mpaka aamriwe. Tamasha likafungwa. Siku sita baadaye, 18 Februari, wanajeshi wapatao elfu moja wakaizingira nyumba yake, wakapiga waliokuwemo, wakaichoma. Mama yake, Funmilayo Ransome-Kuti, aliyewatoa jasho watawala tangu enzi za Mwingereza, alitupwa dirishani. Alifariki Aprili 1978. Tume ya uchunguzi ikaja na jibu kwamba aliyechoma ni "askari asiyejulikana". Watu elfu moja, hajulikani hata mmoja!

Sasa sikilizeni upande wa pili. Kwenye tamasha hilohilo Uganda ilipeleka mchezo wa Byron Kawadwa, mkurugenzi wa jumba la maonyesho la taifa pale Kampala. Mchezo wa nyimbo, kwa Kiganda, Oluyimba lwa Wankoko, yaani wimbo wa jogoo. Kawadwa hakususa kitu. Alikwenda chini ya bendera ya nchi yake, akarudi nyumbani, na mwaka huohuo watu wa Amin wakamkamata na kumuua.

Aliyesusa alichomewa nyumba. Aliyekwenda aliuawa. Franco yeye aliendelea na gitaa lake, na mwaka 1984, kwenye uchaguzi wenye mgombea mmoja tu, akatoa santuri ya kumpigia debe Mobutu.

Msimamo wangu: hakuna msanii anayedaiwa kifo. Akinyamaza, namwelewa. Ila kunyamaza ni kitu kimoja na kusifia ni kingine, na hapo kwenye kusifia yule kijana ana hoja. Naomba kuwasilisha.

Misenyi78

Mkuu umepanga vizuri, lakini unaipa sanaa uzito isio nao. Mimi kwetu Misenyi. Askari wa Amin walipoingia mwaka 1978 waliswaga ng'ombe wa babu yangu wote, wakalilipua daraja la Kyaka. Nduli Amin hakutolewa na jogoo wa Kawadwa. Alitolewa na JWTZ na Waganda waliokuwa nao, kwa mizinga, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Tuache kudanganya watoto kwamba gitaa linaangusha serikali.

Mzee wa Santuri

Misenyi78, pole kwa ng'ombe wa babu. Lakini vita ile si ndiyo redio yetu ilipiga nyimbo za kumlaani nduli mpaka tukazikariri? Na jeshi letu lenyewe lilikuwa na bendi, Mwenge Jazz. Polisi nao walikuwa na yao. Kama muziki ni burudani tu, mwenye mizinga alikuwa anautakia nini?

Mwana wa Kampala

Ndugu zangu, Kiswahili changu mnivumilie. Kwetu watu wengi waliisikia lugha hii kwenye vizuizi vya barabarani, na aliyeisema alikuwa na bunduki, ndiyo maana mpaka leo kuna wazee hawaitaki.

Misenyi78 anasema kweli kuhusu mizinga. Ila amemsahau Robert Serumaga. Huyu alikuwa na kikundi chake, Abafumi, maana yake wasimulizi, na alipoona maneno yanaua akayapunguza. Mchezo ukabaki mwili, ngoma na kilio. Utamshtaki mtu kwa kosa la kuanguka chini mara tatu? Mpelelezi akae hapo na daftari lake, aandike nini? Baadaye Serumaga aliona hata hiyo haitoshi, akaingia kwenye harakati za waliokuwa uhamishoni, wale waliokutana Moshi, kwenu huko, Machi 1979. Amin alipokimbia akawa waziri katika serikali mpya ya Rais Lule. Kwa hiyo mtu mmoja aliyashika yote mawili, na sijui ukimpima utaanza na mkono upi.

Mpenda Rhumba, Kigoma

Mimi nimezaliwa Kalemie, nimekulia Kigoma. Mleta mada, umemnyima Franco nusu ya habari yake.

Mobutu alichukua nchi Novemba 1965. Juni 1966 akawanyonga wanasiasa wanne hadharani Kinshasa, mbele ya umati, mmoja wao Évariste Kimba aliyekuwa waziri mkuu. Baada ya hapo Franco alitoa wimbo ambao watu waliusikia kuwa unawasema walionyonga. Santuri ikaondolewa sokoni, mwenyewe akavuka mto kukimbilia Brazzaville. Akarudi. Mwaka 1978 akafungwa, safari hii kwa nyimbo za matusi. Huyo ndiye mnayemwita kibaraka tu. Tena hata akisifia, ilikuwa vigumu kujua anamsifia nani na anamchoma nani, kwa sababu mafumbo ya Kilingala yana vyumba vingi. Nyinyi mnahukumu mkiwa mmekaa harusini na pilau mbele yenu.

Misenyi78

Mafumbo, mafumbo. Ile ya 1984 ina fumbo gani? Anawaambia watu wamchague Mobutu.

Mpenda Rhumba, Kigoma

Hiyo sina la kuitetea. Nimekosa.

Dada wa Kilimani

Nimesoma yote, nimesikia wanaume wanabishana juu ya mashujaa. Naomba niulize kuhusu waliokuwa ndani ya nyumba ile Lagos. Wanawake waliokuwa wakiimba na kucheza na Fela walipigwa na kubakwa siku ile. Mwaka uliofuata akaoa wake 27 kwa mpigo, na hilo ndilo watu wanalosimulia kwa kicheko. Jenerali alimtaka Fela, lakini mwili uliotupwa dirishani ni wa mama wa miaka 76.

Sisemi asingeimba. Nasema bei ya wimbo haikulipwa na aliyeshika saksafoni peke yake, na mkihesabu ujasiri muwahesabu na hao. Kule Chile, baada ya mapinduzi ya 1973, kina mama ambao waume na watoto wao walichukuliwa wasirudi walikuwa wanashona picha kwa vipande vya nguo kuukuu: mtaa, polisi, mlango uliofungwa. Kanisa liliwasaidia kuziuza nje. Ni kama kanga zetu, kitambaa kinasema mwenyewe amefunga mdomo. Hao hamwachezei harusini.

Mzee wa Santuri

Dada, umenipiga penyewe. Niliandika "wakapiga waliokuwemo" nikapita haraka. Nakiri.

Misenyi78, nawe chukua hiyo Chile uitafune. Pinochet, jenerali wa mapinduzi yale, aliitisha kura ya Ndiyo au Hapana, aendelee kutawala au la, kila upande ukapewa dakika 15 za televisheni kila usiku. Wapinzani wakaleta nyimbo, vichekesho na upinde wa mvua, maana watu walishachoka kuogopa. Tarehe 5 Oktoba 1988 Hapana ikapata karibu asilimia 56. Hapakuwa na mzinga.

Misenyi78

Palikuwa na sanduku la kura, mkuu. Amin angekupa sanduku la kura?

Mzee wa Santuri

Asingenipa.

Mwana wa Kampala

Angekupa sanduku, ila la aina nyingine.

Mpenda Rhumba, Kigoma

Mleta mada, swali moja kabla sijalala. DJ alipiga wimbo gani?

Mzee wa Santuri

Mario.

Mpenda Rhumba, Kigoma

Mario! Kwa hiyo kijana amegomea siasa kwenye wimbo wa mwanamume anayelelewa na mwanamke mtu mzima? Ndipo nyinyi Waswahili mlipopata neno marioo.

Mzee wa Santuri

Marioo mezani kwetu walikuwa wawili, nawajua. Wote walicheza mpaka mwisho.