Naomba ushauri: nina skripti ya kurasa 18 na simu tu, nianzie wapi kwenye filamu?

Mchipukizi:
Wakuu, salaam. Nataka kuwa mwongozaji. Nina skripti ya filamu fupi ya kurasa 18, simu inayorekodi 4K, na waigizaji wanne waliokubali kufanya bila malipo. Nitafute kwanza fedha ya kamera nzuri? Nisubiri shule? Na filamu ikikamilika, niipeleke wapi ionekane na walio ndani ya fani?

Fundi Mkasi:
Kamera iache kwanza, tatizo lako ni hizo kurasa 18. Ukurasa mmoja wa skripti iliyopangwa inavyotakiwa hukadiriwa kuwa dakika moja. Tuzo za Oscar zinaruhusu filamu fupi hadi dakika 40, lakini matamasha hupanga filamu kadhaa ndani ya onyesho moja, na ya dakika 18 inakula nafasi ya mbili. Punguza zibaki 7 au 8. Anza kukata pale watu wanapobisha hodi, wanasalimiana na kukaribishwa kiti. Halafu hesabu lokesheni: kila mkihama, kufungasha na kupanga upya taa kunakula saa nzima au zaidi. Lokesheni mbili, waigizaji watatu, siku mbili. Hapo timu ndogo inamaliza bila kuanza kulipua shoti za jioni.

Mshika Maiki:
Naunga mkono. Fedha yoyote uliyonayo iende kwenye sauti, maana mtazamaji atavumilia picha yenye chembechembe ila mazungumzo yasiyosikika atayafunga. Maiki ya simu haifai kwa sababu iko pale ilipo kamera, si alipo msemaji.

Tafuta maiki ya fimbo na kinasa sauti. Maiki ikae juu ya msemaji, nje kidogo ya fremu (mpaka wa picha), sentimita 40 hadi 60 kutoka mdomoni, ikielekezwa kifuani. Rekodi kwa kilohezi 48 na biti 24. Kwenye kipimo cha kinasa, mazungumzo yacheze kati ya desibeli -20 na -12; yakigonga 0 yanapasuka, na sauti iliyopasuka hairudi vizuri hata uhariri vipi. Zima feni na friji. (Funguo zako ziweke ndani ya friji hiyo; hutaondoka bila kuiwasha tena.) Kila teki (kila mnaporekodi shoti, hata ya kurudia) ianze na kofi moja mbele ya kamera, ndilo litakalooanisha picha na sauti. Kabla ya kuhama, wote wanyamaze sekunde 60 mrekodi ukimya wa mahali hapo. Bila huo ukimya, kila mhariri anapokata maneno panabaki shimo ambalo sikio linalishtukia.

Mchipukizi:
Nashukuru sana. Kwenye majaribio taa za ndani zinapepesa, na sauti niliyorekodi pembeni inaachana na midomo baada ya dakika chache. Nakosea wapi?

Fundi Mkasi:
Ni mambo mawili tofauti. Kupepesa kunatokana na shata, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, kutolingana na umeme. Umeme ukiwa wa hezi 50, weka fremu (picha moja moja zinazounda video) 25 kwa sekunde na shata 1/50. Ukiwa wa hezi 60, fremu 24 au 30 na shata 1/60. Tumia programu ya kamera inayokuruhusu kufunga shata, fokasi, mwangaza na rangi, vinginevyo simu itabadilisha kila mwigizaji anaposogea. Mchana nje, shata hiyo itaunguza picha, kwa hiyo funga kichujio cha ND (kioo cheusi kinachopunguza mwanga) mbele ya lenzi, usiongeze kasi ya shata.

Sauti kuachana na midomo: simu nyingi hupandisha na kushusha idadi ya fremu kimyakimya. Geuza faili zote ziwe na fremu zisizobadilika kabla ya kuziingiza kwenye programu ya uhariri. Na kadi usiifute mpaka nakala mbili, kwenye diski mbili tofauti, umezifungua na zinacheza.

Mlinda Haki:
Hao wa bila malipo wasaini pia, pamoja na mwenye nyumba na mwandishi, kabla ya shoti ya kwanza. Muigizaji akikataa kusaini baada ya uhariri, filamu nzima imekwama. Wimbo nao una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi, na kulipia moja hakukupi ya pili. Afadhali umpate mtu akutungie, mkaandikiana.

Usiiweke YouTube kwanza: yapo matamasha yanayokataa filamu iliyokwisha kuonekana hadharani. Soma masharti ya kila moja, tuma dirisha la kwanza linapofunguliwa kwa kuwa ada hupanda kadiri mwisho unavyokaribia, na andaa manukuu (maandishi ya mazungumzo chini ya picha) mapema.

Kuhusu shule, usisubiri. Omba kazi kwenye filamu za wengine, ila usiombe kuongoza. Andika sentensi tatu: siku ulizo huru, unachoweza kufanya, na kiungo kimoja cha kazi yako. Ukipewa kuchagua, chukua kumbukumbu za mwendelezo. Utaandika glasi ilikuwa mkono upi, imejaa kiasi gani, mtu alisimama kwenye neno lipi. Siku mbili za kazi hiyo zitakuonyesha kwa nini shoti fulani haziungani, na ukirudi kwenye skripti yako utajua shoti zipi huwezi kuzikosa.