Baba moyo umechoka na mapigo hayana mpangilio, daktari anataka ablesheni. Tukubali?

KitindaMimba:
Habari za humu wapendwa, naombeni ushauri wenu. Baba yangu ana miaka 66, aligundulika moyo umeshindwa kufanya kazi vizuri, eko, yaani ultrasound ya moyo, ilisoma EF (kiasi cha damu moyo unachosukuma nje kwa kila pigo) asilimia 30, na juu yake ana AF, yaani vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka tu badala ya kusukuma damu. Yuko kwenye dawa za moyo, za kutoa maji, za kulainisha damu na amiodaroni ya kutuliza mapigo, lakini mapigo bado yanaenda mbio, akipanda ngazi anahema na usiku hawezi kulala bila kuegemea mito. Sasa daktari wa moyo anasema wapitishe katheta, yaani mrija mwembamba, kwenye mshipa wa kinena mpaka moyoni, wachome sehemu zinazoanzisha hayo mapigo, ndiyo hiyo ablesheni. Kaka mkubwa hataki kabisa, anasema moyo dhaifu hivyo unauchomaje tena? Mama analia tu. Jamani nisimame upande gani?

nesi_wa_zamu:
Pole sana mdogo wangu, hofu ya kaka yako naielewa na ndugu wengi wanauliza hivyohivyo. Kwanza hawachomi misuli inayosukuma damu. Wanazunguka midomo ya mishipa inayoleta damu toka mapafuni, kwa sababu mwaka 1998 madaktari wa Bordeaux kule Ufaransa walionyesha vichocheo vingi vya AF vinaanzia humo. Kovu likishakaa pale umeme wa fujo haupiti. Pili, huo moyo dhaifu ndio umefanyiwa utafiti wenyewe. Utafiti uitwao CASTLE-AF wa 2018 ulichukua wagonjwa 363 wenye EF asilimia 35 kushuka chini, waliofanyiwa ablesheni walifariki asilimia 13.4 na waliobaki na dawa tu asilimia 25. Kwa hiyo EF 30 peke yake sio sababu ya kukataa, mwambie kaka hivyo kwa upole.

Mzee wa Kijani:
Mwanangu, mimi nimeishi na ugonjwa huu, nakuuliza swali moja tu. Kipi kilitangulia, mapigo mabovu au moyo kuchoka? Maana mapigo yakienda mbio muda mrefu yenyewe yanaweza kuuchosha moyo, na ukiyatuliza moyo unarudi, wangu ulirudi. Lakini kama moyo uliharibiwa na kitu kingine, mfano mshipa wake uliziba ukaacha kovu kubwa, ablesheni inaweza kusaidia ila usitegemee EF ipande sana. Ulizeni kama MRI ya moyo, yaani picha ya mashine ya sumaku, inawezekana, inaonyesha makovu. Kuna utafiti wa 2017, CAMERA-MRI, kwa watu ambao chanzo cha moyo kuchoka hakikujulikana, waliochomwa EF ilipanda wastani wa pointi 18 na waliotulizwa kwa dawa 4 na kidogo, na waliofaidi zaidi ni wasio na kovu.

Mkweli2:
Mimi naomba tusimpe dada matumaini ya upande mmoja. Utafiti mwingine, RAFT-AF wa 2022, ulikuwa na wagonjwa 411 na tofauti kati ya waliochomwa na waliobaki na dawa haikutosha kusema ablesheni imeshinda. Halafu hatari zipo, damu kuvuja kinena, damu kujaa kwenye mfuko wa moyo, kiharusi, na wengine wanarudia mara ya pili. Kinachonitisha ni kufanyiwa na mtu asiye na uzoefu. Muulizeni daktari bila aibu anafanya ngapi kwa mwaka na wangapi wamepata madhara.

nesi_wa_zamu:
Mkweli2 upo sahihi kuhusu uzoefu, hilo ni kubwa. Ila ongeza utafiti wa CASTLE-HTx wa 2023, wagonjwa 194 wenye hali mbaya kabisa, wanaoangaliwa kama wapandikizwe moyo, na utafiti ulisimamishwa mapema kwa sababu faida ilishaonekana.

KitindaMimba:
Asanteni mno. Nimepekua faili la baba, kuna eko ya zamani EF ilikuwa ya kawaida, halafu ECG (kipimo cha umeme wa moyo) inayoonyesha AF, ndio baadaye moyo ukashuka. Sikujua kama hilo lina maana.

Mzee wa Kijani:
Lina maana sana mwanangu! Beba hayo makaratasi yote umwekee daktari mezani na kaka yako awepo asikie mwenyewe. Na msichelewe, moyo ukizoea AF kwa miaka mingi kuurudisha kunakuwa kugumu.

nesi_wa_zamu:
Mkikubali, dawa ya kulainisha damu asiiache kwa kuamua mwenyewe hata akijisikia mzima. Miezi miwili mitatu ya mwanzo mapigo yanaweza kuvurugika tena, haina maana imeshindikana. Na wiki za baadaye akipata homa, maumivu akimeza, au mkono kukosa nguvu, mkimbizeni hospitali yenye CT na museme mlangoni kwamba alifanyiwa ablesheni, wasimpitishe kamera kooni kabla ya kuongea na daktari wake wa moyo. Hizo zinaweza kuwa dalili za tundu kati ya moyo na umio, yaani njia ya chakula, ni nadra sana ila linaua.