Naomba ushauri: GIMP kwenye skrini ndogo

Ndugu wanakikundi, naombeni msaada wenu. Ninasafisha picha za harusi kwa GIMP, programu ya kuhariri picha, kwenye laptopu yenye skrini ya pikseli 1366 kwa 768, na kila ninapofungua kisanduku cha kurekebisha mwanga, kitufe cha kuthibitisha kinazama chini ya ukingo wa skrini. Nimekwisha kuficha paneli za pembeni kwa kubonyeza Tab, jambo lililonipa nafasi kubwa ya kuiona picha yenyewe, na nimepunguza ukubwa wa aikoni, lakini kisanduku hicho bado ni kirefu mno.

Je, kuna namna ya kukifupisha bila kupunguza maandishi ya kompyuta nzima, ambayo tayari yanachosha macho? Na kwa kazi ya namna hii, skrini ya nje ya ukubwa gani ingetosha?