Dawa ya kupuliza puani, na woga wa kupiga 911, namba ya dharura, hapa Minnesota

Mzazi, Brooklyn Park:
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Tangu msiba wa kijana wetu sijalala vizuri. Wenzake walikuwepo, wakaogopa polisi, hakuna aliyepiga simu. Hiyo dawa ya kuzindua aliyezidiwa na dawa za kulevya inapatikanaje? Na nikiiweka ndani, si watoto wataona nimewaruhusu?

Muuguzi, St. Paul:
Marahaba mdogo wangu, na poleni. Kizima-moto jikoni hakijamruhusu mtu kuchoma nyumba.

Dawa hiyo, naloksoni, inauzwa famasi bila cheti cha daktari tangu 2023. Boksi la Narcan, jina lake la dukani, lina vipulizio viwili, na 2023 lilikuwa kama dola 45, lakini kabla hujatoa hela ulizia za bure: shirika la Steve Rummler Hope Network wanagawa. Steve mwenyewe alifariki 2011. Uraibu wake ulianzia kwenye dawa za maumivu. Ndiyo maana sheria ya 2014 inaitwa Sheria ya Steve. Inamlinda anayempa mwenzake dawa hii kwa nia njema. Anayepiga 911 hashtakiwi kwa kukutwa na kiasi kidogo cha dawa za kulevya, ila sharti abaki pale, ataje jina na ashirikiane na maofisa. Aliyezidiwa naye analindwa. Muuzaji hayumo.

Sasa sikilizeni. Watu wengi hufia kitandani huku nyumba nzima ikidhani wamelala. Ukisikia mkoromo wa ajabu, kama maji yanachemka kooni, mwite kwa nguvu, msugue kifua katikati kwa vifundo vya ngumi. Haamki? Piga 911, kisha mpulizie tundu moja la pua. Usijaribishe kwanza hewani, kipulizio kina dozi moja tu. Msaidie kupumua. Dakika mbili tatu kimya, tumia cha pili, tundu jingine. Kwa ngozi zetu msisubiri kuona ubuluu. Angalieni midomo na kucha kugeuka kijivu. Kama hakutumia afyuni wala fentanili, dawa kali ya jamii hiyo hiyo, naloksoni haitamdhuru.

Anaweza kuzinduka na arosto, akatapika, akakutukana. Mwache atukane. Asiondoke, maana dawa huisha nguvu kati ya nusu saa na saa moja na nusu, na fentanili ikamrudia. Na msiiache kwenye gari Januari, haitakiwi kuganda.

Kaka, Rochester:
Dada, na sisi ambao makaratasi bado?

Muuguzi, St. Paul:
Hapo sikudanganyi kaka. Hiyo ni sheria ya jimbo, uhamiaji ni wa serikali kuu, haiwafungi mikono maofisa wake. Mwenye kesi awe na namba ya wakili mapema, lakini simu ipigwe. Mgonjwa hana dakika za kungoja ushauri.

Mzazi, Brooklyn Park:
Asante dada. Jumamosi kwenye kikao cha akina mama nitawaomba dakika kumi. Uje na kipulizio cha mazoezi kama unacho, tukishike kwa mikono yetu.