Familia ya Tandika: Shanga na Mikoba ya Sabasaba

Da Mwaju 19:02
Shikamooni wakubwa, wadogo habari za jioni. Nimekuja tena najua mmeshanichoka. Maonyesho ya Sabasaba yanaanza tarehe 28 Juni, na sisi tupo wapi?? Mikufu tulisema 60 ipo 22. Mikoba ndo usiseme, 9, na mmoja hauna zipu. Kusoma mnasoma wote tiki naziona, kujibu hakuna

Zai 19:03
Tupo dada

Da Mwaju 19:03
Vile vipande vya vitenge vya kwa fundi umevifuata?

Da Mwaju 19:11
Zai

Da Mwaju 19:20
Haya. Jumamosi watu wawili waende Kariakoo kwenye shanga na uzi. Safari hii hakuna kununua kwa macho. Mnakumbuka yule mama aliyevaa mkufu wetu na gauni jeupe kwenda harusini, jasho lilivyotoka shingo bluu gauni bluu. Muuzaji muombe punje tatu nne kwanza muzitumbukize kwenye ile dawa ya kutolea rangi ya kucha. Maji yakigeuka rangi mrudishie mwenyewe, hizo zimepakwa tu. Ambayo kioo chenyewe ndo kina rangi hata uiloweke mpaka kesho iko vilevile

Kaka Hamisi 19:22
Yule mama alivyotokea pale bandani mi nilijua kamwagiwa wino 😂

Mama Junior 19:22
😂😂😂 Hamisi weee

Kaka Hamisi 19:23
Na alivyodai hela yake kuna mtu aliingia chini ya meza, tusimtaje

Da Mwaju 19:23
Hamisi naomba tuwe siriazi dakika kumi tu

Mama Tunu 19:31
Na uzi jamani. Msininunulie tena mshipi wa kuvulia samaki. Ule ukikaa juani unakakamaa unakatika. Hizi shanga za bei rahisi matundu yake yana makali, ni kioo, yanausaga uzi taratibu mteja anafika kwake shanga ziko sakafuni anatutukana. Chukueni uzi wa nailoni uliopakwa nta, upite mara mbili, fundo tone moja la gundi halafu mkia wa uzi urudi ndani ya shanga tatu nne ndo ukate. Mkikuta zile shanga za Cheki chukueni hata kidogo, ni ghali lakini zinalingana saizi, za kichina robo kilo nzima unakaa unachambua nyembamba na nene mpaka macho yanauma

Da Mwaju 19:33
Asante Mama Tunu, huyu ndo mtu. Sasa za Cheki tuweke kwenye mikufu ya elfu 15, bangili za elfu 3 tumalizie hizo nyingine

Kaka Hamisi 19:36
Mbona hamtengenezi za kiunoni? Mwaka jana wateja walikuwa wanauliza kwa kunong'ona. Hizo hazihitaji hata banda, unapita nyumba kwa nyumba hela mkononi

Mama Junior 19:36
😂😂😂😂 Ila kweli

Zai 19:37
Na mteja akitaka kujaribisha??

Kaka Hamisi 19:37
Hapo ndo naingia mimi fundi wa vipimo

Shemeji Kondo 19:38
Mimi naomba oda mbili, kwa ajili ya nyumbani 🙈

Da Mwaju 19:40
Humu kuna wakwe na kuna Shangazi Mkubwa. Nawakumbusha tu

Kaka Hamisi 19:41
_Ujumbe huu umefutwa_

Da Mwaju 19:44
Turudi kwenye mikoba. Mikoba ndo itatutoa mwaka huu, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2019 kila anayepita bandani anataka kitu cha kubebea. Nimefikiria chini tuweke salfeti, zile za unga zikishaoshwa, nje kitenge, mikono ya jinzi za mitumba. Inabeba hata kilo kumi za mchele haichaniki. Mama Tunu ukishona 3 kwa siku tunafika

Mama Tunu 19:52
Tatu kwa siku na kazi zangu nizifanye saa ngapi? Na vitenge vifuliwe kwanza mara mbili kabla havijakatwa, vinatoa rangi na vinaruka, ukishona kibichi ukaja kufua bitana inabaki pana kitenge kimejikunja. Na jinzi inataka sindano namba 16. Mara ya mwisho kuna mtu alipitisha jinzi kwa namba 11 akanivunjia

Da Mwaju 19:54
Akakuvunjia au akaivunjia cherehani ya mama

Mama Tunu 19:54
Unamaanisha nini

Da Mwaju 19:55
Simaanishi kitu. Ila ingekuwa imekaa mahali pa wote tungeshona kwa zamu wala nisingekuwa nambembeleza mtu mmoja humu kila siku

Mama Tunu 19:57
Mwajuma wewe unajua vizuri kwa nini iko kwangu. Na kama ni kuulizana tuulizane yote, hela ya Sabasaba mwaka jana iko wapi? Mimi nilishona mikoba 14 nikapewa elfu arobaini na soda

Da Mwaju 19:58
Hela ya banda ulilipa wewe? Usafiri? Yule wa gauni jeupe alirudishiwa na nani??

Kaka Hamisi 19:59
Soda ilikuwa ya baridi lakini

Mama Junior 19:59
Hamisi nyamaza

Anko Saidi 20:15
👍

Da Mwaju 20:16
Anko hiyo dole ni ya nini?

Shangazi Mkubwa 21:08
Asalaam aleikum. Nimesoma yote toka juu mjukuu ananisaidia kuandika. Cherehani ile mama yenu aliinunua kwa maandazi nikiwa naye na alipolala kitandani mwaka mzima aliyekuwa anamgeuza ni mmoja na mnamjua, wengine mlikuwa wapi sitaki kuyasema hapa. Cherehani haiuzwi na haihami. Lakini na wewe Mama Tunu mlango wako uwe wazi, ndugu zako wakija na vitambaa vyao wakae washone, anayevunja sindano analeta nyingine. Na wewe Mwajuma hesabu ya mwaka jana niandikie kwenye karatasi niletewe huku Tanga, iliyoingia na iliyotoka. Kabla sijaiona isinunuliwe shanga hata moja. Na Hamisi kesho asubuhi nipigie simu

Mama Junior 21:10
Waaleikum salaam shangazi, shikamoo 🙏🏾

Zai 21:10
Shikamoo shangazi

Shemeji Kondo 21:12
Shikamoo shangazi. Ile oda naomba isihesabiwe

Mama Tunu 21:40
Shikamoo shangazi. Nimekusikia

Da Mwaju 22:26
Shikamoo shangazi. Karatasi nitaandika. Ila shangazi ikifika Tanga ikasomwa ikarudi jibu si tutakuwa tumeshaingia Juni?

Da Mwaju 06:15
Shangazi nimepiga picha daftari nimekutumia kwako pembeni. Mbili zimetoka na kivuli

Zai 08:47
Dada samahani jana bando liliisha. Vitenge fundi kanipa kiroba kizima ila anataka elfu tano. Vingi rangi moja zambarau, ni mabaki ya sare za harusi. Nichukue?

Da Mwaju 08:48
Chukua. Vipande vya kwa fundi si shanga, shangazi kakataza shanga

Mama Tunu 09:05
Vifuliwe kwanza

Mama Junior 09:30
Mimi Jumamosi nina kikao cha kikoba, Kariakoo msinihesabu

Da Mwaju 09:31
Kwani Jumamosi bado ipo? Shangazi hajajibu

Anko Saidi 11:02
Mnazungumzia Sabasaba ya mwaka huu?

Kaka Hamisi 11:20
Nimeshapigiwa simu na nimeshaomba radhi. Jumamosi mi naweza kwenda, kama tunaruhusiwa. Sasa hiyo dawa ya kucha nani ananipa, au niingie dukani niinunue mimi na ndevu zangu hizi?